Bendera ya Bibi Apollonia na Mechi ya Jumamosi

Zechenstrasse 14,
Brackenrode.
Jumapili, 21 Oktoba 2012.

Mpendwa Mjomba Ewald,

Kabla hata sijakusalimu, nakuomba jambo moja. Barua hii usimsomee mtu. Usimsomee hata mkeo Mama Adela mpaka uwe umeimaliza peke yako, wala usiende nayo kwenye duka la ushirika, ambako uliwahi kutuandikia kwamba watu wote wa koloni lenu la walowezi hukusanyika kusikiliza barua za wenzao. Ukiisha kuisoma, itie motoni. Maneno haya yakivuja kabla ya wakati wake, sitaumia mimi tu. Mama naye analala katika chumba ambacho dirisha lake liko barabarani, na jiwe halichagui.

Sasa nakusalimu kwa heshima yote. Hujambo, mjomba? Mgongo umekupa nafuu? Joto la huko Paraguay limeanza, au bado asubuhi kuna ubaridi? Tulifurahi kusikia kwamba ng'ombe wamezaa salama na kwamba Lorenz sasa anaendesha trekta mwenyewe. Mama anasema hawezi kukuwazia ukiwa na mjukuu mabegani, maana kwake wewe bado ni yule kijana wa jezi ya kijani na nyeusi.

Mama hajambo, ila moyo unamsumbua akipanda ngazi. Bado anauza mikate katika duka la Schürholz asubuhi, na sasa hivi yuko kanisani, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika. Mimi mwenyewe ni mzima kiasi. Usishangae hati yangu, uliyokuwa ukiisifu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa pamoja na kipande cha mti, na kalamu naishika kama mtoto anavyoshika kijiko.

Mjomba, sitaki kukuzungusha. Kesho asubuhi nitakwenda kituo cha polisi kwa Inspekta Wiebke Lohmeier, nami nitamtaja mwanao Gereon. Nakuandikia leo ili usije ukalisikia jambo hili kwa watu wengine, likiwa limeongezwa chumvi au limepunguzwa. Ni mimi, mtoto wa dada yako, ninayefanya hivyo. Naomba unisome mpaka mwisho ndipo uhukumu.

Unajua kwamba tangu Aprili nimeajiriwa karani katika ofisi ya klabu. Napokea ratiba kutoka shirikisho na kuibandika ukutani, nawaandikia wageni, nachapisha tiketi. Kabla ya kila mechi ya hatari kuna kikao cha usalama, nami hukaa mwisho wa meza nikiandika yanayosemwa. Katika kikao hicho polisi, watu wa reli na klabu zote mbili hukubaliana wageni watashukia wapi na watapitishwa njia gani mpaka uwanjani, ili wasikutane na watu wetu. Njia hiyo haitangazwi. Wanaoijua ni wale walioketi mezani, na mimi.

Msimu ulianza vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Agosti tuliwafunga wakulima wa Obermoor mawili kwa sifuri hapa nyumbani, tukaenda bandarini Süderhaff tukatoka sare, kisha tukawapiga wanafunzi wa Lahnau manne. Wazee kwenye benchi la mbao walianza kuota daraja la tatu. Tangu klabu ilipofilisika, mwaka ule ulipoondoka wewe, tulianzia chini kabisa tukicheza na timu za vijiji, ng'ombe wakitutazama juu ya ua. Sasa tuko daraja la nne, na kwa mara ya kwanza tangu siku zenu tumewakuta mahasimu wetu Hallenfeld daraja moja nasi. Wewe ulicheza nao ukiwa beki wa kushoto. Kovu lililo juu ya jicho lako walikupa wao, nawe hukuwahi kuwasamehe, na Gereon alikua akilisikia hilo mezani kwetu kila Jumapili.

Ile bendera ya klabu unaikumbuka kuliko mimi. Bibi Apollonia aliishona mwaka 1909 kwa pazia la kijani na gauni lake jeusi la msiba, baada ya shimo namba mbili la mgodi kuwafunika wanaume, na mumewe akaizungusha tumboni chini ya shati mwaka 1933 Wanazi walipokuja kufunga klabu za wafanyakazi. Mimi nimekuwa nikipita mbele yake kila siku, maana kabati lake la kioo liko nje ya mlango wa ofisi yangu. Haikuwahi kutoka mjini. Ilizungushwa uwanjani siku za maadhimisho tu, kisha ikarudishwa na kufungiwa.

Gereon sasa ndiye kiongozi wa kundi la mashabiki liitwalo Koloni, wale wanaosimama nyuma ya goli la mashariki na ngoma. Mwezi uliopita alimwendea mwenyekiti wetu, Bwana Dinkelkamp, akaiomba bendera kwa ajili ya mechi ya ugenini Hallenfeld. Dinkelkamp alikuja kwetu kutoka kiwanda cha bia na anapenda kupendwa na jukwaa. Akampa ufunguo.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na mtu yeyote wa jukwaani angekuambia ni kosa gani. Bendera kubwa haipandi treni. Husafiri peke yake katika gari la mtu asiyejulikana, shangazi wa mtu au muuza maua, kwa njia ya kuzunguka, na hufika kabla ya mashabiki. Sievert, mpiga ngoma wao, mtu mzima mwenye mvi, alimwambia hivyo mbele yangu pale stesheni.

Gereon akacheka. "Bendera ya bibi yangu ijifiche kwenye buti la gari kama sungura wa wizi? Inakaa dirishani. Waione wanapopita."

"Wataiona, ndiyo," Sievert akasema. "Hicho ndicho ninachokiogopa."

Nilikuwa behewa hilohilo na mfuko wa tiketi. Katika kituo kidogo cha Mühlbach, ambako hapandi mtu siku ya Jumamosi, treni ilisimama, milango ikafunguka, na wanaume waliofunika nyuso wakatoka nyuma ya kibanda. Kwanza walitupa moshi mwekundu ndani. Watu wakaanza kukohoa na kukanyagana. Bendera alikuwa ameibeba Folkert, fundi wa matairi, ameikunja na kuifunga mgongoni kwa mkanda. Walimvuta nje kwa mkanda huohuo, akaangukia uso. Hakuiachia. Mmoja wao akaukanyaga mkono wake juu ya ukingo wa jukwaa la stesheni, akaukanyaga tena, nami nilisikia mfupa kwa masikio yangu. Ukavunjika kama kijiti kikavu. Ndipo vidole vikafunguka.

"Mwambieni bibi yenu tumempata!" walipiga kelele wakikimbia. "Leo atalala Hallenfeld!"

Katika kipindi cha pili bendera ilitokea nyuma ya goli lao, kichwa chini miguu juu. Mwanamume mrefu alisimama juu ya uzio na mkasi wa kukatia mazulia, akaikata katikati mbele ya watu elfu tatu, na vipande vikachomwa. Jukwaa lao zima likaimba kwamba bibi yetu yuko uchi. Tulifungwa moja bila, kwa mpira wa kona ambao golikipa wetu hakuuona, maana alikuwa amegeuka akitazama moto. Mimi nililia, mjomba. Sioni aibu kukuambia.

Wewe uliondoka kabla desturi hii haijaota mizizi, basi nikueleze kidogo. Kundi likinyang'anywa bendera na ikaonyeshwa kichwa chini, kundi hilo limekufa. Hakuna anayeliamuru. Jioni hiyohiyo hukunja vitambaa vyao, hugawana ngoma, na jina halitamkwi tena jukwaani.

Basi kesho yake mchana walikutana katika baa ya klabu, nami nilikuwapo kwa kuwa nina ufunguo. Sievert aliweka vijiti vyake vya ngoma mezani. "Yamekwisha, Gereon. Tukunje."

"Tukunje nini? Bendera ile haikuwa ya kundi. Ni ya klabu. Kundi halijapoteza kitu."

"Usitufanye watoto. Uliibeba, ukaipoteza."

"Ilishonwa na bibi yangu!"

"Basi bibi yako amekufa mara ya pili," Sievert akasema taratibu, "na safari hii umemuua wewe."

Gereon alimpiga kwa bilauri ya bia usoni. Si bia, bilauri yenyewe, ya kioo kizito. Sievert alikaa chini kama mtu aliyechoka, damu ikimtoka puani na juu ya mdomo, akajipapasa akaokota jino lake, akaliweka mezani kando ya vijiti. Kisha akasimama akatoka, na nusu ya watu wakamfuata. Waliobaki na Gereon ni wale wanaopenda ngumi kuliko mpira.

Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi, Gereon alikuja nyumbani tukiwa tunakula. Alimbusu mama kichwani, akala yai langu akiwa amesimama. "Shangazi, namwazima karani wako saa mbili tatu. Tunahamisha sofa."

"Mrudishe kabla chakula hakijapoa," mama akasema. Anampenda, mjomba. Alimlea tangu ulipoondoka na mama yake alipoolewa kwingine, na hadi leo akikunja nguo humtengea soksi.

Hapakuwa na sofa. Nilitakiwa kuendesha basi dogo la klabu kwa kuwa leseni yangu ni safi. Simu zetu zote zilitiwa katika ndoo ya rangi, na yangu sijaipata mpaka leo, ndiyo maana sikuweza kukupigia. Tulikwenda kwenye machimbo ya kokoto nyuma ya msitu wa Lehmkuhle. Hallenfeld walikuwa wanatungoja, wamevaa fulana nyeupe, wetu fulana nyeusi, kinga za meno mdomoni, mikono imefungwa bendeji. Mapigano haya hupangwa kwa makubaliano kama mechi. Idadi huwa sawa, hakuna chuma, hakuna kisu. Aliyeanguka hapigwi. Anayeinua kiganja ametoka mchezoni. Nimesikia wakijisifu kwamba kanuni hizo zinaheshimiwa kuliko za refa.

Walikimbiliana bila kelele. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba hakuna aliyepiga kelele. Unasikia buti juu ya kokoto, pumzi, na nyama ikigonga nyama. Mtu mmoja wa kwetu alipigwa kwenye koo akaanza kutambaa akitafuta hewa. Mwingine alimng'ata mwenzake sikio. Sikushuka kwenye basi. Nilishika usukani kwa mikono miwili kama vile basi lilikuwa linakwenda.

Gereon alimtafuta yule mwenye mkasi. Anaitwa Raik Sommerlatte, fundi umeme, ana mtoto wa kike. Jina nilikuja kulijua gazetini. Walipigana kwa usawa, na Gereon akamwangusha kwa ngumi safi ya taya. Raik alianguka chali. Akainua mkono, kiganja wazi, vidole vimetanuka. Mimi nilikiona kiganja, na kila mtu alikiona.

Gereon akampiga teke la kichwa. Kisha la pili. Kisha sikuhesabu. Pande zote mbili zilikuwa zimeacha kupigana, zimesimama, na mtu wa Hallenfeld akawa anapaza sauti, "Ameinua mkono! We mbwa, ameinua mkono!" Walipomvuta mwanao kando nilimwona uso. Alikuwa analia machozi, mjomba, kama mtu aliyefiwa, na mguu bado unarusha mateke hewani.

Raik hajafumbua macho tangu siku hiyo. Gazeti liliandika kwamba mwanamume amekutwa machimboni na polisi wanaomba msaada wa mashahidi. Hakuna aliyesema. Hallenfeld wenyewe hawasemi, maana kwao na kwetu sheria ni moja, kwamba anayezungumza na polisi hana jina, hana jukwaa, hana mlango wa nyumba. Wao wanataka kulipiza kwa mikono yao.

Huenda kisasi hicho kingechukua muda, ila bahati mbaya ikatufuata. Kura ya kombe la mkoa ilipopigwa tulipewa Hallenfeld, hapa Brackenrode, Jumamosi ijayo. Niliibandika ratiba ukutani mwenyewe. Alhamisi tukafanya kikao cha usalama. Wageni watakuja na mabasi, wakiwamo akina baba na watoto wao, watashushwa kwenye soko la mifugo na kupitishwa kichochoro cha Watengeneza Ngozi, chini ya daraja la reli. Unalijua. Ukuta huku, ukuta huku, na katikati watu watano hawaenei kusimama sambamba.

Ijumaa mchana, mwenzangu alipokwenda kula, Gereon aliingia ofisini akafunga mlango kwa kisigino.

"Dogo, wanapitia wapi?"

"Nani?"

"Usinichezee. Waimbaji wa bibi. Wanapitia wapi?"

Nikamwambia sijui, polisi hawajaamua. Alicheka. "Wewe hata peremende uliyoiba ulikuwa unaenda kuungama bila kuulizwa. Leo ndiyo umejifunza kudanganya?" Akavuta droo ya kabati la chuma, ile kubwa ya mafaili, akaushika mkono wangu akauweka ukingoni kwa upole kabisa, kama daktari.

"Gereon, mle mna watoto."

"Basi wasije."

Akaisukuma droo kwa nyonga. Sikujua kwamba mtu anaweza kupiga kelele bila sauti kutoka. Akaifungua, akanipa muda wa kuvuta pumzi, akauliza tena. Nikanyamaza, nakuapia nilinyamaza mara hiyo moja. Akaisukuma ya pili. Ndipo nikasema yote: soko la mifugo, kichochoro, daraja, saa.

Baada ya hapo alikwenda kantini akarudi na barafu ndani ya taulo, akanifunga vidole mwenyewe, amepiga goti mbele yangu. "Samahani, dogo. Ungesema mapema." Akaniambia na mpango wao, kama ndugu anavyomsimulia ndugu. Wanapandisha mawe ya barabarani juu ya daraja, wanayaficha ndani ya vitoroli vya sokoni. Jumamosi, kundi likijaa chini, watayamwaga. Wengine watakuwa na mabomba ya chuma mwisho wa kichochoro.

"Utaua mtu," nikamwambia.

"Tayari nimeua mmoja, nusu," akajibu. Hakuwa anatania.

Jana nilimwendea Bwana Dinkelkamp nyumbani kwake. Nilimweleza kila kitu isipokuwa jina. Alitazama bendeji yangu, akatazama bustani yake. "Kijana," akasema, "klabu hii ina miaka mia na mitatu. Mechi ikifutwa tunanyang'anywa pointi, pengine na daraja. Usiimalize wewe kwa wiki moja. Pumzika nyumbani, mkono upone." Akanipa chupa ya mvinyo ya kupelekea mama. Nimeiacha kwenye ngazi yake.

Basi ona nilipo. Nikinyamaza, Jumamosi watu watakufa chini ya daraja kwa sababu ya mdomo wangu. Nikiwaambia polisi wabadilishe njia bila kutaja mtu, Gereon ataona mabasi yanapita kwingine, naye hatahitaji kuuliza nani amesema. Na akizuiwa Jumamosi atangoja mechi ya marudiano ya ligi, Aprili, au stesheni, au popote. Hatakoma, mjomba. Bado analipiga teke lile, na atalipiga mpaka apatikane mtu wa kumshika mguu.

Nimewaza usiku na mchana kama ninamchukia. Simchukii. Nilipokuwa mdogo na wana wa Kessler wakinitia kichwa changu chooni shuleni, Gereon ndiye aliyewavunja pua mmoja mmoja, na tangu hapo hakuna aliyenigusa. Ngumi hizohizo zilikuwa upande wangu. Picha yako ya timu, ile ya kupanda daraja, bado iko juu ya kitanda chake, na nadhani kila anachokifanya anakifanya mbele ya picha hiyo. Sisemi hivyo ili nikulaumu. Mtu huenda anakopata riziki. Nasema ili ujue kwamba anayekwenda polisi kesho si adui wa mwanao.

Nimeogopa sana. Hata sasa gari likipunguza mwendo barabarani naacha kuandika. Lakini kile kiganja cha Raik kilichoinuliwa nakiona nikifumba macho na nikiyafumbua. Aliomba kitu ambacho kila mmoja pale alikuwa ameapa kumpa, na mimi nilikuwa nimekaa ndani ya basi nimeshika usukani.

Kesho nitasema njia imevuja. Nitasema nani aliivuja, yaani mimi, na nani aliyenivunja vidole. Kisha nitasema machimbo ya Lehmkuhle, na jina. Nitasaini kwa mkono wa kushoto. Polisi wameniambia, nilipopiga simu jana kutoka duka la dawa bila kujitaja, kwamba shahidi anaweza kuhamishwa. Mama hatahama, namjua. Atasema mikate haijiuzi. Nimemwomba Sievert awe anampitia asubuhi, na amekubali, mdomo wake ukiwa bado umeshonwa.

Ninalokuomba wewe ni hili. Barua hii ikikufikia Gereon atakuwa rumande. Njoo. Uza ng'ombe mmoja, wawili, uje. Katika chumba cha mahakama mimi nitakuwa upande wa pili, mama hatajua akae upande gani, na mtoto wako atageuza kichwa kuangalia nani ameketi nyuma yake. Asikute viti vitupu.

Nisalimie Mama Adela, umwambie asali yake tumeipokea na imefika bila kumwagika. Nisalimie Lorenz, umwonye juu ya trekta na mabonde, na Benita na mtoto wake ambaye sijamwona. Mzee Tobias jirani yenu mwambie nimewasiliana na kaka yake wa Süderhaff, yuko hai na ni mkaidi vilevile. Mungu aliyemtoa babu yetu shimoni akulinde, akupe nguvu za mgongo na za moyo, nawe umpe nafasi hata mimi katika sala zako.

Ukitaka kunipata, usipige simu nyumbani wala ofisini. Usiandike Brackenrode kabisa, maana tarishi wa mtaa wetu anasimama na ngoma jukwaani, na stempu za Paraguay anazijua. Mwandikie Bi. Hedwig Quast, aliyetufundisha Kilatini, Kirchgasse 3, Mohrbeck. Jina langu lisionekane nje wala ndani. Andika tu "kwa mpwa". Yeye atanifikishia popote nitakapokuwa nimewekwa. Ukija mwenyewe, shuka Mohrbeck, usifike hapa kwa treni, na ugonge mlango wake wa nyuma, ule wa bustanini. Na kama jibu lako kwangu ni laana, mjomba, nalo lipeleke kwa anwani hiyohiyo. Nitalifungua.

Mpwa wako akupendaye leo, na kesho pia,

Henning Rathke